Betri Chooni, Kisima Bondeni

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Mama yangu alikuwa akisema nilitoka tumboni nimekunja ndita. Hasira zangu nyingi hupoa nikishakunywa chai. Kuna hii moja tu iliyokataa kupoa, na ilitokana na kompyuta mbovu, choo cha shule, na kisima cha mwanamke aliyekuwa akitupikia. Nikianza kuieleza watu hucheka kwa sababu ya hicho choo. Wacha wacheke, halafu wasikilize.

Nilizaliwa Kitale, katika zile nyumba za mabati nyuma ya msikiti. Nikasoma, nikawa mwalimu wa Kiswahili, na miaka ile ya elfu mbili na ushei nikapelekwa shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Bungoma. Nilipanga chumba karibu na shule. Mwisho wa wiki nilirudi Kitale kwa mama na kaka yangu mkubwa, na Jumatatu alfajiri niko njiani tena, buibui limejaa vumbi au tope kutegemea mwezi.

Mwaka wangu wa pili pale, shirika moja la wafadhili likatuletea kompyuta. Siku ya kukabidhi ilikuwa sherehe si mchezo: hema, viti vya kukodi, ng'ombe alichinjwa, kwaya iliimba mpaka sauti zikakauka. Mtu mmoja mwenye suti akasema watoto wa wakulima sasa wataijua dunia bila kutoka Bungoma. Tukapiga makofi. Hakuna hata mmoja, si mwenye suti, si diwani, si mwalimu mkuu, aliyeuliza mashine hizo zikifa zitapelekwa wapi. Na zilikuwa zimeshachoka huko zilikotoka! Zilikuwa zile za skrini nzito zenye kisogo kirefu, zilizokuwa nyeupe zikageuka manjano, na vibandiko vya ofisi za watu bado vimeng'ang'ania juu yake. Baadaye nilikuja kujua kwamba huko kwao sheria inambana mwenye kutupa kitu cha namna hiyo. Lazima akipeleke mahali maalumu, lazima agharamie. Basi wakaona heri watuletee sisi, na sisi tukaziita msaada.

Chini ya kila meza kulikuwa na kisanduku cha betri, cha kuizuia kompyuta isizimike stima ikipotea. Na stima Bungoma ilipotea kila mchana mvua ilipopiga. Aliyewahi kukaa kule anajua radi zake, zinapiga mpaka vikombe vinalia kabatini. Visanduku vilijitahidi, maskini, kisha kimoja kimoja vikafa. Kompyuta nazo zikafuata. Haukupita muda mrefu chumba kizima kikawa kimya, mwalimu mkuu akakifunga kwa kufuli kubwa, na mambo yakaishia hapo.

Mimi nilikitaka chumba kile. Vitabu vyangu vya fasihi vilikuwa kwenye makatoni, mchwa wanajilia. Nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamwambia, "Mwalimu, hizi kompyuta zimekufa. Si tuzitoe, tuweke maktaba?"

Akanitazama kana kwamba nimemwomba tuuze watoto. "Madam, hiyo ni mali ya serikali. Haiwezi kutupwa mpaka kamati ya wilaya ije, ikague, iandike kwamba imekufa."

"Na itakuja lini?"

"Hiyo sasa ni kazi yao."

Kamati haikuja. Mchwa walikula vitabu, kompyuta zikakaa ndani zimefunikwa vitambaa vilivyofumwa, zikitunzwa kuliko wanafunzi. Nilisaga meno nikarudi darasani.

Sasa nije kwenye choo. Vyoo vya wasichana vilikuwa vya shimo, vimejengwa ukingoni mwa kiwanja, na chini yake ardhi inateremka mpaka bondeni. Hapo bondeni ndipo alipokaa mama mpishi. Huyu alikuwa mjane, Mkristo wa kanisani kila Jumapili na kitambaa chake cheupe kichwani, mikono imekomaa kwa mwiko. Shamba lote la shule lilitolewa na baba mkwe wake, bure, kwa kupenda elimu. Familia ilibaki na kile kipande cha bondeni, na kwenye kipande hicho kulikuwa na kisima alichochimba mumewe kabla ya shule kuwepo. Maji baridi, safi, hayakauki hata Januari. Kijiji kizima kiliteka hapo, na mama mpishi hakumtoza mtu hata senti. Ndicho kilichokuwa kinamwagilia miche yake ya sukuma wiki, ndicho kinamnyweshea ng'ombe wake, na ndicho kilichomfanya asalimiwe kwa heshima na watu ambao vinginevyo wangemwona mjane tu. Bila kisima kile hakuwa na kitu.

Vyoo vikajaa. Mvua ndefu ziliponyesha vikawa havisemeki, wasichana wanakwenda vichakani. Tukaitwa mkutano wa walimu. Kuchimba vingine ilikuwa shida, karo hazijalipwa, bodi ya shule inanung'unika. Ndipo naibu wa mwalimu mkuu, mtu wa tumbo na vicheko, akapata wazo.

"Nyinyi mnasumbuka na nini? Si tuko na betri? Choo ya nyanya yangu ilichimbwa wakati wa mkoloni, mpaka leo haijajaa. Anatupa betri ya redio huko ndani. Inakausha kila kitu, bana, inashuka chini kabisa!"

Vichwa vikatikisika mkutano mzima. Na nisimsingizie peke yake, maana jambo hilo kwetu kila mtu alilijua. Nyumba nyingi, Bungoma na Kitale, betri ya tochi ikiisha haitupwi jalalani, inatupwa chooni ili choo kishuke. Hata sisi nyuma ya msikiti tulifanya hivyo, na hakuna aliyewahi kuchungulia kuona kama kweli kimeshuka. Lakini zile za nyumbani ni mbili tatu kwa mwaka. Hapa naibu alikuwa anazungumzia visanduku vya chumba kizima.

Mwalimu mkuu uso ukamng'aa. "Hata zile betri za kompyuta zitapata kazi," akasema.

Nikanyoosha mkono. "Na kisima cha mama mpishi?"

Wakaangua kicheko.

"Madam," akasema naibu akijifuta machozi, "kisima iko huko chini, choo iko huku juu. Imeingiliana wapi?"

"Ndiyo nauliza! Maji huteremka au hupanda?"

Wakacheka zaidi. Nikamgeukia mwalimu wa kemia, kijana mwenye shahada yake, aliyekaa karibu nami akichora maua kwenye karatasi. Hakuinua uso. Mkutano ulipokwisha akanifuata varandani, akaninong'oneza, "Uko sawa, madam. Mimi hiyo nafundisha kidato cha tatu. Lakini unajua nimeomba kupandishwa cheo, na kule ndani si darasani." Nikamwambia aniondokee mbele ya macho. Kumbe kujua anajua! Yule naibu angalau alisema anachokiamini.

Kwenye paredi ikatangazwa kwamba kila mwanafunzi alete betri zilizoisha kutoka nyumbani. Ya Rabi, walivyozileta! Katika mambo yote ambayo shule ile iliwahi kuwaomba wazazi, ni hilo tu lililotimizwa bila malalamiko. Za redio, za tochi, zilizovimba, zilizotoka ute, wamezibeba kwenye mifuko ya plastiki pamoja na viazi vyao vya saa nne. Mwalimu mkuu mwenyewe akavaa gambuti akasimamia. Kisha visanduku vikatolewa, vikavunjwa, betri zilizo ndani zikatumbukizwa moja baada ya nyingine. Nilisimama dirishani nikasikia kila moja ikitua, na kila moja ilinipandisha mori upya.

Jumamosi nikiwa Kitale nilimweleza kaka yangu. Yeye alikuwa na kibanda cha kuchaji betri za magari. Watu wasio na stima, kutoka sehemu za Kwanza mpaka Kachibora, walimletea betri zao juu ya baiskeli ili nyumbani waone habari kwenye televisheni. Nilidhani huyu angalau ataelewa.

"Hizo zina madini ya risasi ndani," akasema, "na maji makali. Maji yenyewe yamenilia suruali hii, tazama. Kuna watu hupita kununua zilizokufa, wanaenda kuyeyusha. Wangezikusanya tu."

"Na wewe maji ya hizi zako unayamwaga wapi?"

Akaashiria kwa kidevu. "Hapo nyuma. Mtaroni."

Astaghfirullah! Mtaro ule unapita uani kwa watu, watoto wanarukaruka humo. Nikampandia, naye akanipandia, akaniambia nimesoma nikajaza kichwa upepo, mpaka mama akatoka jikoni na mwiko akatuambia wote wawili tufunge midomo, majirani wanasikia. Chakula cha mchana tulikila hatutazamani. Nilichokipata kwake ni kimoja, kwamba betri zile zina mahali pa kwenda.

Jumatatu nikamwendea mwalimu mkuu. Nikamwambia kuna wanunuzi wa betri zilizokufa, kama kuna zilizobaki tuwape wao, na zile za chooni zitolewe.

"Kuuza mali ya serikali! Unataka nifungwe?"

"Kuitupa chooni hufungwi?"

"Hatujatupa," akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Tumetumia."

Hilo neno lilinibaki. Wakati huo nililiona ni ujinga. Sikujua ni ujanja.

Nikashuka kwa mama mpishi. Nilimkuta uani kwake, amemaliza kazi ya shule, anamenya ndizi. Akafurahi kuniona, akaingia ndani akaniletea maji kwa kikombe cha bati, ameweka juu ya sahani kwa heshima. Nikamweleza yote, choo, betri, risasi, maji yanavyopenya ardhini. Alinisikiliza vizuri, kisha akacheka polepole.

"Madam, hata mimi nilipeleka yangu. Ya redio ya marehemu. Wacha choo ikauke, hao wasichana wanaumia."

"Lakini mama, choo kinaelekea kwako!"

"Hii maji inatoka kwa mawe. Ni ya kitambo. Onja, ni tamu tu."

Nikakitazama kile kikombe. Sikunywa. Nilikirudisha juu ya sahani, na nikaona uso wake ukifunga. Kwetu sote, Mwislamu na Mkristo, wa Kitale na wa Bungoma, kukataa maji ya mtu nyumbani kwake ni kumtukana bila kufungua mdomo. Akachukua kikombe akayamwaga kwenye miche, akaendelea kumenya ndizi. Niliondoka nikiwa na hasira na dunia nzima, na zaidi na watu waliofanya maji ya mwanamke yule yawe kitu cha kukataliwa.

Basi nikaamua kutafuta sheria. Si tulikuwa nayo? Redioni walikuwa wanaimba kila siku, mazingira, mazingira. Likizo ilipofika nikaanzia ofisi iliyokuwa karibu nami, Kitale. Mtu akanisikiliza vizuri, akaandika, kisha akauliza, "Hiyo shule iko wapi?"

"Bungoma."

Akaweka kalamu chini. "Madam, Bungoma ni mkoa mwingine. Hapa ni Bonde la Ufa. Sisi hatuwezi kuvuka."

"Maji ya sumu yanaulizwa mkoa?"

Nikavuka mimi. Bungoma walinipiga danadana mpaka nikajua rangi ya kila mlango. Mazingira wakasema hilo ni la afya. Afya wakasema la maji. Maji wakasema la elimu, kwa kuwa ni shule. Elimu wakaniuliza kama mwalimu mkuu anajua kwamba niko pale, na nikasikia onyo lililokuwa ndani ya swali lile. Nikarudi mazingira nikaketi kwenye kiti nikawaambia sitoki.

Hapo afisa mmoja akaniona kweli. Alikuwa mtu wa adabu, shati limepigwa pasi, na alikuwa na kitabu cha sheria kwenye rafu. Akakishusha, akanisomea kwa sauti nzuri. Kwamba mwenye kuzalisha taka ndiye mwenye jukumu la kuitenga na kuitunza. Kwamba taka hatari haitupwi ovyo, inakabidhiwa kwa mwenye leseni. Na betri, ndiyo, betri ni taka hatari. Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza.

"Basi sheria iko," nikasema.

"Iko, madam. Sana."

"Na mwenye leseni wa huku kwetu ni nani?"

Akafunga kitabu. "Kwa sasa huku hayuko. Labda Nairobi."

"Na zile kompyuta zenyewe, zile skrini?"

"Hizo hazijatajwa kwa jina. Kwanza ni lazima tujue zimekuwa taka. Zimeandikwa kuwa taka?"

"Zimekufa!"

"Kufa ni kitu kimoja, kuandikwa ni kingine. Na mwenyewe ni nani?"

Hilo ndilo swali, na mimi nilimtafuta huyo mwenyewe mpaka nikachoka. Niliwapigia simu wale wafadhili. Sauti tamu ya msichana ikaniambia wao walishakabidhi, kwa hiyo si zao. Shule inasema ni mali ya serikali. Elimu wanasema vitu vilivyotoka kwa wafadhili havikupitia kwao, hawavijui. Siku ya hema na ng'ombe kila mtu alikuwa mwenyewe, wanasukumana kupigwa picha nazo. Zilipokufa zikawa yatima. Sheria inasema mwenye taka awajibike, na watu wakatumia akili zao zote kuhakikisha kwamba mwenye taka hapatikani. Wallahi nikikumbuka, hasira hunipanda hata leo.

Afisa aliniahidi watakuja. Na walikuja, siwezi kusema uongo. Muhula ulikuwa umeanza. Walifika na gari la serikali, yeye na mwenzake wa afya, na mwalimu mkuu akawapokea kwa tabasamu na kuku wawili. Aliyetumwa kuwapika kuku hao ni mama mpishi. Aliteka maji kisimani kwake, akawapikia, akawanawisha mikono, akiwa hana hili wala lile.

Baada ya kula wakaenda chooni. Wakachungulia, wakaziba pua. Humo ndani utaona nini?

"Ushahidi wa betri hauonekani," akasema wa afya.

"Shule nzima iliona zikiingia!" nikasema. "Waulize watoto. Mwulize mwalimu wa kemia."

Mwalimu wa kemia alikuwa amepewa ruhusa siku hiyo.

"Mpime maji basi," nikasema. Wakaniambia vifaa vya kupimia risasi haviko Bungoma, vikipatikana watarudi. Kisha wakateremka bondeni. Wa afya akasimama kwenye kisima, akageuka akatazama vyoo juu, akatazama kisima chini, akapiga hatua ndefu akihesabu kimoyomoyo. Nikamwona akitikisa kichwa, na mimi mjinga nikafurahi. Nikasema alhamdulillahi, sasa ameona.

Alikuwa ameona, naam.

"Hiki kisima kiko karibu mno na choo," akasema. "Ni kinyume cha kanuni za afya. Nani alikiruhusu?"

Mama mpishi alikuwa amesimama nyuma, mikono bado ina mafuta ya kuku. "Ni ya mzee wangu," akasema. "Alichimba kitambo."

"Ana kibali?"

"Ya nini?"

"Kisima cha watu wengi bila kibali, karibu na choo. Mama, hiyo ni hatari kwa umma."

Nikapiga kelele. Nilisema kisima kilitangulia, choo ndicho kilichokifuata. Nilisema hata shamba ambalo choo kimesimama juu yake lilitolewa na watu wa nyumba hii. Nilisema mkosaji ni aliyetupa sumu. Aliyekunywa ana kosa gani? Yule afisa mwenye shati la pasi akaniambia kwa upole ule ule aliosomea sheria, "Madam, wewe ndiye uliyelalamika kwamba maji haya ni hatari. Na sisi tumekubaliana na wewe."

Niliishiwa maneno. Mimi, mwalimu wa lugha. Mwalimu mkuu alikuwa akitazama viatu vyake, na nina hakika alikuwa anacheka ndani kwa ndani. Kwa choo hawakuamuru chochote, maana ushahidi haukuonekana. Kisima waliamuru kifukiwe, na kabla ya mwezi kwisha. Shule ikaombwa imsaidie mama huyu kutekeleza, kwa ujirani mwema.

Nilikwenda tena ofisini wiki iliyofuata, nikafoka mpaka askari wa mlangoni akaja kunishika kiwiko. Nikaambiwa mwenye kisima anaweza kukata rufaa. Mama mpishi hakutaka. "Nikatafute rufaa na pesa ya nani?" akaniuliza, na hakuniita madam siku hiyo.

Jumamosi moja nikiwa Kitale kazi ikafanyika. Jumatatu niliporudi nilipita bondeni kabla ya kuingia shuleni, nikapaona pamefunikwa udongo mwekundu, umeshindiliwa. Pembeni, udongo ulipopungua, kulikuwa na kisogo cha skrini kimechomoza, cha rangi ile ya manjano. Nikasogea. Nikaona waya. Nikaona kipande cha kioo kizito, na kile kibandiko cha ofisi ya watu wa mbali, kimekwaruzwa lakini bado kinasomeka. Walikuwa wamezileta zote. Chumba kizima cha kompyuta kilikuwa ndani ya kisima cha mama mpishi, na wanafunzi ndio waliozibeba mikononi kama mawe ya ujenzi.

Nilipanda ule mlima mdogo nikihema. Nikaingia ofisini kwa mwalimu mkuu bila kubisha. "Mali ya serikali!" nikamwambia. "Siku zote hizi mali ya serikali haiguswi, leo iko kisimani?"

Alikuwa ametulia. "Madam, serikali imeamuru kisima kifukiwe. Shule imetoa vifaa vya kufukia. Kamati ya wilaya tuliwapigia simu, walikubali siku hiyo hiyo. Hatujatupa kitu." Akatabasamu. "Tumetumia."

Kengele ikalia, tukatoka kwenda paredi. Na hapo mbele ya shule nzima, yule mtu akasimama kwenye ngazi akatangaza kwamba chumba cha kompyuta sasa kitakuwa maktaba. Akasema hatari ya maji machafu katika ujirani wetu imeondolewa. Akasema haya yote yametokana na juhudi za mwalimu wetu wa Kiswahili, aliyeyafuatilia ofisini bila kuchoka, na akaomba nipigiwe makofi ya kilo. Nao wakapiga, watoto wa watu, kwa mpigo, mikono juu. Mwalimu wa kemia naye alipiga. Sijawahi kutamani kumzaba mtu kofi kama nilivyotamani asubuhi ile, na hata sijui ningeanza na nani.

Watu wameniuliza kama najuta. Sijuti. Maji yale yalikuwa hatari, na aliyeyaharibu alikuwa na jina na ofisi na gambuti. Nilisema kweli, na ningeisema tena leo. Wa kujuta ni wale waliosikia kweli hiyo wakaona namna ya kuitumia kumalizia uchafu wao. Maktaba walinipa, na sikuwahi kuketi humo hata siku moja.

Jioni ile nilimngoja mama mpishi kwenye njia ya mtoni. Alikuwa anatoka kuteka, maana sasa alilazimika kwenda mtoni, mbali, kupita sokoni, kama watu wote waliozoea kuteka kwake. Alikuwa ametua mtungi wa plastiki kando ya njia, anapumzika. Nikamsalimia. Akanitazama, hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Ungeniacha tu nikunywe, mwalimu," akasema. "Ningekunywa."

Kisha akakunja kitambaa chake akakiweka kichwani, akapiga goti mbele ya mtungi.

"Nitwike," akaniambia.

Nikamtwika, akaondoka.